Mnunuzi wa gari humfikiria mnunuzi anayefuata

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Unaponunua gari, ni nini hasa kinakuamulia? Na matangazo ya magari ya umeme, je, yanakugusa?" Mimi nauza magari yaliyotumika katika yadi moja hapa Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 16. Kwa hiyo nitajibu kama mtu anayesimama pembeni ya mnunuzi kila siku akimtazama anavyoamua, na ambaye gari likisumbua ndiye wa kwanza kupigiwa simu.

Mteja akiingia getini huwa ameshaamua nusu. Ameona gari la shemeji yake, ameulizia kazini, amepekua picha kwenye simu hadi usiku wa manane. Atazunguka, atagonga bodi kwa kidole, ataomba boneti ifunguliwe hata kama injini haijui. Kisha yanakuja maswali, na kwa miaka yote hii hayajabadilika: linakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana, limeinuka juu ya barabara au liko chini. Lipo na swali la nne. Hilo wengi huliuliza kwa sauti ya chini, wamenisogelea, kana kwamba ni aibu kulitaja kabla hawajalipa: "Nikija kuliuza, litarudisha kiasi gani?"

Swali hilo la nne ndilo linaloamua. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa kawaida, gari ndiyo mali yake kubwa baada ya kiwanja. Mtoto akipata chuo, mzazi akilazwa, mwenye nyumba akidai kodi ya mwaka mzima, gari ndilo linaloondoka kwanza. Toyota IST, lile gari dogo, ya rangi ya fedha, namba ya usajili ya herufi D, kadi safi, haidaiwi, ukiitangaza asubuhi simu zinaanza kuita kabla ya adhuhuri. Gari la ajabuajabu, hata liwe zuri namna gani, utakaa nalo miezi minne huku madalali wakikushusha bei kila wiki. Nilimhudumia mwalimu mmoja wa sekondari aliyelipenda gari la rangi ya zambarau. Alilizunguka mara tatu, akakaa ndani, akashika usukani, akatabasamu. Mwishowe akachukua la fedha lililokuwa pembeni yake, lenye kilomita nyingi zaidi. Akaniambia, "Kaka, hili nalipenda mimi. Lile watalipenda wengine."

Watu husema Watanzania wanang'ang'ania Toyota kwa mazoea. Mazoea yapo, lakini yana hesabu ndani yake. Injini ya 1NZ imefungwa kwenye IST, Vitz, Probox, Raum na Spacio. Fundi aliyeijua kwenye gari moja anaijua kwenye yote. Ukipungukiwa na kifaa, utakipata Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kipya au cha mtumba, siku hiyohiyo. Gari likikufia Singida au Songea, yupo kijana chini ya mti mwenye spana anayeweza kukusogeza hadi uendako. Ukinunua Toyota unanunua na maarifa ya mafundi wote hao, waliyoyapata kwa kuunguza vidole kwenye magari ya watu kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna kampuni inayoweza kuyapakia maarifa hayo kwenye meli pamoja na gari.

Ndiyo maana nasema mtangazaji mkubwa wa magari katika nchi hii ni fundi. Nimeshuhudia mauzo yakifa kwa neno moja. Mteja ameridhika, fedha ziko benki, tunasubiri tu fundi wake aje kukagua. Fundi anafika na bodaboda, anafungua boneti, anatazama, anafunga. "Bosi, hii hapana." Imekwisha. Sijawahi kuona punguzo la bei lililolishinda neno hilo.

Wakongwe wa biashara hii wanaikumbuka injini ya D4. Toyota waliifanya inyunyize petroli moja kwa moja ndani ya silinda ili ipunguze mafuta, na kule Japani ilifanya kazi yake. Huku ilifika bila vifaa vya kuipimia na bila mtu aliyefundishwa, ikakutana na petroli yenye uchafu. Ikaanza kugoma, mafundi wakaishindwa, na jina likachafuka. Hadi leo mteja akisikia Noah au RAV4 ni ya D4 anarudi nyuma hatua mbili. Wapo waliolipa fedha nyingi kuing'oa injini nzima na kuweka ya kawaida. Injini haikuwa mbaya. Iliingia mahali ambapo hakuna aliyeandaliwa kuipokea. Kila nikiona tangazo la gari la umeme naikumbuka D4, na moyo unanienda mbio, kwa kuwa naona njia ileile ikianza kupitwa tena.

Sasa niyafikie matangazo yenyewe. Nissan ilipoliingiza gari lake la umeme, Leaf, sokoni Desemba 2010, tangazo lake kwa Wamarekani lilimwonyesha dubu mweupe wa nchi za barafu. Barafu yake inayeyuka, anasafiri nchi na nchi, mwisho anamkumbatia mtu anayemiliki Leaf. Tesla kwa miaka mingi haikulipia kabisa matangazo ya televisheni; iliwaachia wateja wake wasimuliane, ikajenga vituo vyake vya kuchaji barabarani, na vituo hivyo vikawa tangazo tosha. BYD ya China ilipoitambulisha betri yake ya Blade mwaka 2020 ilionyesha video ya msumari ukipenya ndani ya betri bila kuwaka moto, ili kuondoa hofu ya watu. Ford ilipolizindua pikapu la F-150 Lightning mwaka 2021 ilionyesha gari likiwasha taa za nyumba nzima umeme ukiwa umekatika.

Kati ya hayo manne, mteja wangu angesimama kwenye la mwisho. Sisi tuliopita kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kutusaidia, tunajua thamani ya friji isiyozima. Nissan yenyewe, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, ilileta kwa Wajapani kifaa cha kuiwezesha Leaf kulisha nyumba umeme. Hiyo ndiyo lugha ambayo mama lishe, mwenye saluni na mwenye duka la dawa wanaielewa bila mkalimani. Lakini Leaf zinazotufikia huku zinakuja bila kifaa hicho, na hakuna anayewaambia wanunuzi kwamba kiliwahi kuwepo.

Dubu hamgusi mteja wangu, na hilo halitokani na kutojali mazingira. Watu wa bonde la Jangwani hapa Dar wanaojazwa maji majumbani kila masika wanaijua hali ya hewa kuliko mwandishi yeyote wa matangazo. Shida ni kwamba matangazo haya yote yametungwa kwa ajili ya mtu mmoja: yule anayelitoa gari dukani likiwa jipya, ana gereji ya kuchajia nyumbani, na atalibadilisha baada ya miaka mitatu au minne. Kinacholipata gari baada ya hapo kinabaki kimya. Na "baada ya hapo" ndipo sisi tulipo. Gari letu linatoka kwa mtu wa kwanza Nagoya au Yokohama, linapita kwenye mnada, linapanda meli, linashuka bandarini, linauzwa kwangu, kisha linauzwa tena mara mbili au tatu kabla halijafika kwenye vyuma chakavu.

Chukueni Leaf ileile ya kwanza. Kwa kipimo cha Japani ilitajwa kuwa inakwenda kilomita 200 ikijazwa chaji. Kwa kipimo cha Ulaya cha wakati ule, 175. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, 117. Gari moja, betri moja, namba tatu. Hakuna aliyedanganya kwa maana ya kisheria. Kila nchi ilikuwa na namna yake ya kupima. Lakini dalali wa mtandaoni anapotangaza gari hilo hapa, mnadhani anachukua namba ipi? Anachukua 200. Na gari lenyewe limeshatumika miaka kumi.

Halafu lipo joto. Betri ya Leaf haikuwekewa mfumo wa kupoozwa kwa maji kama betri za makampuni mengine; inapoozwa na hewa tu inayopita. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, Arizona, mji wenye jua kali, walianza kulalamika kwamba betri zinapungua uwezo upesi. Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri, na baadaye ikaboresha betri yenyewe. Pembeni ya mita ya chaji ya Leaf kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, na kila uwezo ukishuka kinazimika kimoja. Mmarekani alilalamika vijiti vilipozimika, akasikilizwa, akapewa karatasi ya dhamana. Anayeinunua Leaf hiyo Dar es Salaam ana jua la namna yake, jua la Januari na Februari, na karatasi hana. Dhamana iliishia kulekule Japani.

Nimekuwa nikiwaeleza vijana wa yadini kwamba hofu hii ya thamani kushuka si ushamba wetu. Oktoba 2021 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ya Marekani ilitangaza kuagiza Tesla 100,000, na dunia ikapiga makofi. Mwanzoni mwa 2023 Tesla ikashusha bei ya magari yake mapya, na magari yaliyotumika yakashuka nayo. Januari 2024 Hertz ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000, ikitaja kushuka kwa thamani na gharama kubwa za matengenezo. Kampuni yenye wachumi na wanasheria iliumizwa na swali lilelile ambalo mteja wangu huliuliza kwa kunong'ona.

Renault ya Ufaransa ilijaribu kulijibu kwa njia nyingine. Ilipoanza kuuza Zoe, wateja wengi wa Ulaya walinunua gari lakini betri wakaikodi kwa mwezi, ili hofu ya betri ibaki kwa kampuni. Kwa mtu wa kwanza lilikuwa jambo jema. Kwa wa pili likawa kikwazo: ukinunua Zoe ya namna hiyo kwa mtu, unarithi na mkataba wa kukodi betri usiouomba, na wengi walilikwepa gari lenyewe kwa ajili hiyo.

Wazo la kutenganisha betri na chombo, hata hivyo, limepata watu wake katika ukanda wetu, kwenye vyombo vya biashara. Kigali, kampuni ya Ampersand inaendesha pikipiki za umeme ambazo dereva betri ikiisha anaibadilisha kituoni kwa dakika chache, anapewa iliyojaa, anaendelea na abiria. Nairobi, kampuni ya BasiGo iliwapelekea wenye matatu mabasi ya BYD kwa mpango wa kulipa sehemu ya bei mwanzoni, kisha kulipia betri na chaji kwa kila kilomita basi linapotembea. Angalieni lugha yake. Hakuna dubu, hakuna msumari. Ni hesabu. Dereva wa bodaboda na bajaji amezaliwa katika hesabu: kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na akiwa na bahati anapata chombo cha mkataba ambacho siku moja kitakuwa chake. Ukimwonyesha kwamba jioni itabaki elfu tano zaidi mfukoni, umemaliza kazi. Na betri ikichoka, anayeumwa kichwa ni kampuni.

Tumeyaona hayo hapa Dar kwenye gesi. Nani aliwahi kuona tangazo la maana la kubadilisha gari litumie gesi asilia? Nilichokiona ni foleni ya Ubungo, bajaji na teksi za mtandaoni zimejipanga usiku. Bei ya petroli ilipopita shilingi 3,200 kwa lita Oktoba 2023, madereva walikwishaambiana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alifunga mtungi, akapiga hesabu ya mwezi, akawaonyesha wenzake kijiweni. Walikubali hata kupoteza nafasi ya mizigo kwenye buti, na kusubiri saa kadhaa kituoni, kwa sababu aliyewaambia ni mtu wanayemjua na namba zake walizihakikisha. Norwei nako, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, kilichowavuta watu kwa miaka mingi ni serikali kuyaondolea magari hayo kodi, si uzuri wa matangazo.

Mwaka jana tajiri wetu alileta Leaf moja ya mwaka 2014. Aliipata kwa bei nzuri mnadani. Ikaoshwa, ikawekwa mbele, na juu ya kioo ikabandikwa karatasi: "GARI LA UMEME, HALITUMII MAFUTA." Wiki sita haikupata hata mtu wa kukaa ndani. Watu waliisogelea, wakacheka kidogo, wakauliza kama inapigwa shoti ikipita kwenye maji, wakaenda kwenye IST. Mmoja aliwasha redio, maandishi yote ya Kijapani, stesheni zinaishia 90 kama magari mengi yatokayo kule, akaizima akatoka.

Niliomba ruhusa ya kujaribu namna yangu. Niliichaji usiku hadi ikajaa, kwenye soketi ya ukutani, nikiangalia uniti za Luku kabla na baada. Asubuhi nikawasha kiyoyozi, nikaenda nayo Kibaha Maili Moja na kurudi, pamoja na foleni ya Kimara. Kilomita 74. Ikabaki asilimia 21. Nikapiga hesabu pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji: uniti zisizozidi 20 kwa kilomita 100. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, ambapo shilingi 10,000 inakupa uniti 28, hiyo ni kama shilingi 7,100. IST kwenye foleni zetu inaweza kula lita 8 kwa umbali huo. Kwa petroli ya shilingi 3,000 ni 24,000.

Nikaibandua ile karatasi ya zamani nikaandika nyingine kwa kalamu ya wino mzito. Vijiti vya betri: 10 kati ya 12. Imejaribiwa Kibaha kwenda na kurudi, AC imewashwa. Haifai kwa safari ya Morogoro. Kilomita 100 kwa Luku ni kama 7,100. Tajiri aliposoma ule mstari wa Morogoro alikasirika, akaniuliza tangu lini muuzaji anaandika kasoro ya mali yake kwenye kioo. Nilimwomba aniachie wiki tatu.

Siku ya kumi na moja alikuja dada mmoja muuguzi, anaishi Kigamboni, kazini na kurudi ni kilomita 40 hivi kwa siku. Alisoma karatasi yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mnunuzi wa gari la petroli: "Vile vijiti viwili vilivyozimika, vilizimika lini?" Nikamjibu kwamba kwenye kumbukumbu za mnada, ukaguzi wa mwisho kule Japani uliandika 10, na vimebaki 10 tangu ishuke bandarini. Akaja na fundi wake siku ya pili. Fundi alifungua boneti, akatazama kwa muda mrefu. Sikusubiri aseme "hapana". Nilimwita pembeni, nikamwonyesha kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu ya simu inayosoma hali ya kila seli ya betri. Nikampa simu aisome mwenyewe. Alikaa ndani ya gari karibu saa nzima akiuliza na kuandika. Alipotoka alimwambia, "Dada, hii naweza kukufuatilia."

Ndugu Mhariri, kifaa kile ni cha bei ya chini kuliko tairi moja. Kama watengenezaji wa magari ya umeme wananisikia, naomba nusu ya fedha za dubu zije huku: karatasi ya afya ya betri iambatane na gari kutoka mkono hadi mkono, kama kadi inavyoambatana, dhamana isiishie kwa mtu wa kwanza, na mafundi wa Gerezani na Ilala wafundishwe kabla meli haijafika. Naomba pia watengenezaji wakubaliane kuhusu vichomeo vya chaji, maana gari la Mjapani lina chake, la Mchina chake, la Mzungu chake, na mteja anaponiuliza "kitaingia wapi?" jibu langu hubadilika kwa kila gari lililopo yadini.

Dada wa Kigamboni alilipa kwa awamu mbili, na huu ni mwezi wa tisa tangu alichukue gari. Kila mwanzo wa mwezi ananitumia picha ya dashibodi. Ya Jumatatu iliyopita bado ina vijiti 10, na chini yake ameandika kwamba fundi wake ameshanunua kifaa chake mwenyewe.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam